Bukavu: Gari la baba lawaka tena, historia ya Coccinelle moja tangu mwaka 1959

Katika parsele moja ya Kadutu, mjini Bukavu, kuna garaji isiyo na kibao mlangoni. Ni bati sita zilizopigiliwa juu ya miti, zikiegemea ukuta wa jikoni. Hakuna mteja anayekuja hapo, kwa sababu kazi yote ni ya gari moja tu: Volkswagen Coccinelle ya mwaka 1959, mali ya familia hiyo tangu mwaka 1960. Baada ya karibu miaka 30 ya kukaa kimya, gari hilo limewaka tena.

Mwenye gari ni mzee aliyekuwa mwalimu, sasa amepita miaka 70. Ameniomba nisiandike jina lake. "Andika habari za gari, mwana wangu," aliniambia. "Majina ya watu uyaache." Nimemheshimu. Basi, wasomaji na wasikilizaji wetu, na hasa ninyi mlio mbali na nyumba zenu, hii ni historia ya gari. Lakini wengi wenu mtajisikia ndani yake.

Gari lililoahidiwa wananchi

Coccinelle ilianzia Ujerumani, katika miaka ya 1930. Utawala wa Hitler ulitaka gari la bei ndogo ambalo kila familia ya mfanyakazi ingeweza kulinunua, na kazi ya kulibuni akapewa mhandisi Ferdinand Porsche. Watu waliambiwa wanunue stempu za marki 5 kila wiki na kuzibandika kwenye kijitabu hadi wafikishe marki 990. Zaidi ya watu 300,000 waliweka akiba hiyo. Mwaka 1939 vita vikaanza, kiwanda kikageuzwa kutengeneza vyombo vya jeshi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata gari lake. Ndani ya kiwanda hicho walifanyizwa kazi maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, pamoja na wafungwa wa vita na wafungwa wa kambi za mateso.

Nilipomweleza mzee habari hizo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe na lenyewe lilizaliwa vitani."

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda, kilichoko Wolfsburg, kiliangukia katika eneo la Waingereza. Afisa mmoja, Meja Ivan Hirst, akakifufua, na jeshi la Uingereza likaagiza magari 20,000. Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1955 likatoka gari la milioni moja. Tarehe 17 Februari 1972 Coccinelle ikaivuka Ford T kwa wingi, ilipofikia magari 15,007,034. La mwisho kabisa lilitengenezwa Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Jumla yake ni magari 21,529,464.

Njia ya kufika kwetu ilipitia kwa wakoloni. Ubelgiji ilianza kupokea Volkswagen mwishoni mwa miaka ya 1940 kupitia kampuni ya D'Ieteren, na kutoka huko Wabelgiji walizoea gari hilo hata katika koloni. Na kusema kweli, lilifaa barabara zetu. Moteri yake iko nyuma, kwa hiyo uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, na kwenye matope linashika vizuri kuliko magari mengi madogo. Moteri hiyo hupozwa kwa hewa ya feni. Halina radiateri, halihitaji maji, na kwenye mlima mrefu dereva hatafuti kijito cha kujazia kidumu. Tena moteri inashikwa na bolti nne tu. Fundi mwenye funguo chache na jeki anaweza kuishusha asubuhi na kuirudisha kabla ya jioni.

Kumbukeni bolti hizo nne. Tutazirudia.

Karatasi ndani ya kopo la maziwa

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wa Force Publique waliasi, na Wazungu wengi wakaondoka kwa haraka. Hapa Bukavu wengi walivuka Ruzizi kuelekea Rwanda-Urundi. Baba yake mzee wetu alikuwa muuguzi. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo alimwuzia Coccinelle yake, na wakaandikiana kwa mkono: bei, tarehe, na namba ya shasi.

"Majirani walimcheka baba," mzee anakumbuka. "Walimwambia, unalipa franka za nini na mwenyewe anakimbia? Ungengoja siku mbili ungelikuta barabarani. Baba akawajibu: siku moja na mimi nitakimbia, nitapenda anayechukua kitu changu anilipe."

Hakungoja miaka mingi. Mwezi wa Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji wa Bukavu, wakakaa humo hadi mwanzo wa Novemba. Familia ilitoka kuelekea Walungu, watu tisa ndani ya gari la watu wanne. Coccinelle za wakati ule hazikuwa na saa ya kuonyesha mafuta. Gari likianza kukohoa, dereva anageuza kwa mguu kijiti kidogo kilicho sakafuni, na hapo anapata akiba ya mwisho, kama lita tano. "Baba aligeuza kijiti kabla hatujafika," anasema mzee. "Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika. Hata watoto wachanga walijua."

Waliporudi, nyumba ilikuwa haina milango, lakini gari walilorudi nalo lilikuwa zima. Likaendelea na kazi: kupeleka wagonjwa, maharusi, maiti, na magunia ya mihogo. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973 ikatangazwa zairianisation, na biashara za wageni zikapewa wenyeji. Maduka mengi hayakudumu, na piyesi zikaanza kuadimika. Ndipo mafundi wetu wakawa viwanda. Gasketi zilikatwa kwenye karatasi ngumu, kebo za baiskeli zikavuta kabireta. Mzee anacheka anaposimulia, lakini anaongeza kwamba hakuna siku gari lililala kwa kukosa fundi.

Mama alitembea

Ikafika Oktoba 1996. Habari za vita zilipokaribia mji, familia ilikaa kikao. Baba alikuwa amekwisha kufa, na uamuzi ulikuwa wa mzee wetu. Aliona magari yakichukuliwa na watu wenye bunduki, akawaza: gari lisilo na moteri hakuna atakayelitaka. Usiku yeye na mdogo wake wakafungua zile bolti nne, wakashusha moteri, wakaificha jikoni chini ya kuni. Walidhani wana siku kadhaa mbele yao. Hawakuwa nazo. Kulipokucha ilibidi watoke, na gari lilikuwa limelala pale parselani, halina uwezo wa kwenda hata mita moja.

Mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu. Alitembea. Alifika, lakini hakuwahi kupona tena, na alizikwa mwaka uliofuata.

"Gari nililiokoa," mzee aliniambia, macho yakiwa kwenye kuni, si kwangu. "Nililiokoa lisituokoe."

Tangu siku ile hakuligusa tena. Mvua iliingia, sakafu ikaliwa na kutu, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Watu walikuja kulinunua kama chuma chakavu, akakataa. Watu waliuliza kwa nini halitengenezi, akanyamaza.

Wanawe walianza kazi

Walioanza ni wanawe wawili, mmoja fundi wa kuchomelea, mwingine fundi wa umeme wa magari. Walimwomba ruhusa. Akawapa kwa masharti mawili: wasiuze, na wasiligeuze likawa gari jingine.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao kila mtu anayetengeneza gari la zamani anaujua. Mkubwa alitaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Mdogo alisema: "Yaya, hatutengenezi sanamu. Likiwaka, liwake kila siku." Baada ya siku nyingi za maneno, mzee alitoa hukumu yake: kinachookoa maisha kibadilishwe, kinachosimulia kiachwe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha bodi na shasi. Kwa kuwa hakuna mashine ya kuinulia, walifungua bolti pembezoni mwa sakafu, wakaita vijana wanane wa mtaa, wakainua bodi kwa mikono na kuiweka juu ya matofali. Sakafu zote mbili zilikatwa na bati jipya likachomelewa, mara nyingi usiku wa manane, maana ndipo umeme ulipokuwa ukirudi.

Walipokwangua kutu kwenye mgongo wa shasi, chini ya kiti cha nyuma, ikatokea namba iliyogongwa kiwandani. Mzee aliingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akafungua karatasi ya mwaka 1960. Wakasoma tarakimu moja moja kwa sauti. Zilikuwa zilezile zote.

Kisha yakaja mabadiliko. La kwanza ni freni. Gari la mwaka 1959 lina njia moja tu ya mafuta ya freni. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa freni, na Bukavu ni mji wa miteremko. Wakafunga silinda kuu yenye njia mbili, ya aina iliyokuja na magari ya mwisho wa miaka ya 1960, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. La pili ni umeme. Lilikuwa la volti 6, taa zake kama mshumaa, na batri zake hazipatikani sokoni. Sasa ni volti 12: dinamo, taa, na koili vimebadilishwa vyote. Siku ya kwanza ya majaribio batri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma, iligusana na springi za kiti, moshi ukajaa. Kiti kilitupwa nje kabla hakijashika moto. Sasa batri imefunikwa mpira mzito, na ninawaomba wenye magari ya aina hii wafanye hivyo leo.

La tatu ni mikanda. Mkanda wa kiti wa pointi tatu ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, na ukaanza kufungwa kwenye magari mwaka 1959, mwaka uleule wa Coccinelle hii. Lakini hii haikuwa nao. Wakachomelea vipande vya chuma kinene penye kushikiza mikanda, kwa sababu bati jembamba lingechanika. La mwisho, ombi la wajukuu, ni tundu la kuchajia simu.

Na kilichoachwa? Kijiti cha mafuta ya akiba kipo palepale sakafuni. Vilevile mikono ya kuonyesha njia. Kwenye nguzo nyuma ya kila mlango kuna mkono mdogo wenye taa ya rangi ya machungwa. Dereva akitaka kukata kona, mkono unainuka. Madereva wa piki wa leo hawaielewi, kwa hiyo zimeongezwa taa za kumeta mbele na nyuma. Lakini mikono bado inainuka. Na kwenye mlango wa kulia rangi ya zamani imeachwa kipande kidogo, ukubwa wa kiganja, mahali ambapo mama alikuwa akishika anapopanda.

Sauti ya simu

Siku lilipowaka, nilikuwepo. Lilikohoa mara tatu, likatoa moshi mweusi, kisha likatulia na ule mlio wake ambao wazee wote wa mtaa waliutambua. Mama mmoja jirani alitoka na mwiko mkononi. Mzee hakusema kitu. Alimwashiria mjukuu ashike simu karibu na moteri.

Binti yake mkubwa alivuka kwenda Burundi na watoto wake mapema mwaka 2025, na mpaka leo yuko kambini. Walimtumia sauti ile. Jibu lake lilikuja usiku, mtandao uliporudi. Wakanisikilizisha. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Papa," alisema, "usizime. Na safari hii moteri ikae mahali pake."

Mzee aliniomba niandike jambo moja la mwisho kwa ajili yenu mliohama. Gari ni chuma. Likiibiwa, linaweza kupatikana lingine. Lakini ile karatasi ya mwaka 1960 ndiyo inayosema gari ni la nani. Kwa hiyo, ndugu zetu, kama mna karatasi ya nyumba, ya shamba, au ya piki, pigeni picha kwa simu, mtumieni mtu mnayemwamini aliye mahali pengine. Andikeni namba za shasi kwenye daftari. Haina uzito wowote safarini.

Coccinelle sasa inawashwa kila asubuhi saa kumi na mbili, dakika kumi tu, hata kama haliendi popote. Majirani wamezoea. Lita tano za akiba hazitumiwi.