Ndege iliyobadilishwa jina

Leo tunaongea juu ya ndege moja ya vita. Wazee waliokuwa watoto mashariki mwa Kongo miaka ya 1964 na 1965 huenda waliisikia ikipita. Jina lake ni Invader, yaani Mvamizi.

Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kampuni Douglas ya Marekani iliirusha mara ya kwanza tarehe 10 Julai 1942, wakati wa vita na Ujerumani na Japani. Mhandisi wake mkuu alikuwa Ed Heinemann. Ilikuwa na injini mbili, kila moja nguvu za farasi 2,000, na kwa kawaida watu watatu tu ndani. Ilikuwa nyepesi, yenye mbio. Pua yake ilikuwa ya namna mbili: ya kioo kwa mtu wa kulenga mabomu, ama ya chuma yenye bunduki za rashasha sita au nane. Zilitengenezwa zaidi ya 2,400. Mwaka 1945 vita vikaisha, ndege zikabaki.

Zikapelekwa Korea, 1950 hadi 1953, kuwinda treni na malori usiku. Aprili 1961, Wacuba waliokimbia nchi yao walizirusha kumpiga Fidel Castro, kwa mpango wa Marekani. Zilipakwa alama za jeshi la Castro mwenyewe! Sisi watu wa sheria tunauliza: aliyepigwa na ndege yenye alama ya nchi yake, amshitaki nani?

Mwaka 1964 serikali ya Léopoldville ilikuwa ikipigana na Simba. Ndege hizo zikaletwa kwetu. Mabawa ya zile za zamani yalikuwa yamechoka, hata kiwanda kimoja cha California kikatengeneza upya 40, na baadhi ya hizo zikaja Kongo. Alama ilikuwa ya Kongo. Marubani walikuwa Wacuba wakimbizi, waliolipwa na CIA. Aprili 1965 Che Guevara naye akavuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akifuatwa na Wacuba wengine, kusaidia waasi upande wa Fizi. Wacuba juu, Wacuba chini, na katikati mashamba ya watu wasiokuwa na ugomvi wowote na Havana. Lakini tusidanganyane: wageni hao waliitwa. Kila upande wa Wakongo uliomba msaada.

Mwaka 1966 Marekani ilizipeleka nyingine Thailand, zipige njia za malori huko Laos. Thailand haikutaka ndege za kutupa mabomu katika ardhi yake. Basi ndege haikubadilishwa, ilibadilishwa herufi: B-26K ikaandikwa A-26A, ndege ya mashambulizi. Karatasi zikawa safi. Ziliendelea kutupa mabomu kutoka huko hadi 1969.