Vijiwe vya figo: Ukubwa na mahali vilipo ndivyo huamua tiba

Vijiwe vya figo hutokea pale chumvi na madini yaliyomo kwenye mkojo yanapozidi kiasi kinachoweza kuyeyuka, yakagandana na kuwa kitu kigumu. Vingi hutokana na kalsiamu iliyoungana na oksaleti. Vingine hutokana na asidi ya yuriki au maambukizi ya njia ya mkojo.

Kijiwe kinaweza kukaa ndani ya figo kwa miaka bila dalili. Maumivu makali huanza pale kinaposhuka na kuziba mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mgonjwa huumwa ubavuni hadi kwenye kinena, hutapika na pengine hukojoa damu.

Si kila kijiwe huhitaji upasuaji. Kisichozidi milimita 5 mara nyingi hutoka chenyewe kwa njia ya mkojo katika muda wa wiki chache. Katika kipindi hicho mgonjwa hupewa dawa za maumivu kama vile diklofenaki. Hata hivyo, dawa hiyo inaweza kuzidhuru figo ambazo tayari ni dhaifu, hivyo haifai kutumiwa bila ushauri wa daktari.

Vijiwe vya asidi ya yuriki vinaweza kuyeyushwa kwa dawa zinazopunguza ukali wa asidi kwenye mkojo. Vya kalsiamu haviyeyuki kwa dawa, na kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kujihadhari na anayemwahidi dawa ya kuyeyusha kila aina ya kijiwe.

Kwa vijiwe vikubwa zaidi zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuvivunja kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, tiba iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Haimfai mjamzito wala mwenye tatizo la damu kutoganda, na vipande vinavyobaki vinaweza kuziba mrija.

Ya pili ni kupitisha kifaa chembamba katika njia ya mkojo na kukivunja kijiwe kwa leza. Mara nyingi mgonjwa huwekewa mpira mwembamba ndani ya mrija kwa muda. Mpira huo lazima uondolewe kwa tarehe iliyopangwa, kwani ukisahaulika hujengewa vijiwe vipya na kuleta maambukizi.

Ya tatu, kwa vijiwe vinavyozidi milimita 20, ni kutoboa tundu dogo mgongoni hadi kwenye figo. Huondoa vijiwe vikubwa kwa ufanisi, lakini hatari ya kutokwa damu ni kubwa kuliko katika njia nyingine.

Hatari kubwa kuliko zote ni homa au kutetemeka kwa baridi kunakoambatana na maumivu hayo. Hiyo ni ishara kwamba mkojo uliozibwa umepata maambukizi, yanayoweza kusambaa katika damu na kuua. Mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali mara moja ili mkojo ufunguliwe njia. Kijiwe chenyewe huondolewa baadaye.

Aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena. Anashauriwa kunywa maji ya kutosha ili akojoe angalau lita 2 kwa siku, kupunguza chumvi na nyama, na kutoacha maziwa, kwani kalsiamu ya kwenye chakula huzuia oksaleti isifyonzwe tumboni.