Kesi ya Hirola wa Ijara

Agosti 1996, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilianza kuwakamata hirola kusini mwa Garissa ili liwahamishie Tsavo Mashariki. Lilikuwa na sababu: swala hao, wasiopatikana porini kiasili ila mpakani mwa Kenya na Somalia, walikuwa wakipungua kwa kasi. Wenyeji wa Ijara, eneo hilo la kusini mwa Garissa, hawakuafiki. Walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, wakataka mnyama wao aachwe alipo, na mahakama ikatoa zuio. Hata hivyo, baadhi ya hirola walikuwa wameshafika Tsavo.

Wafugaji kushtaki ili wanyamapori wasiondolewe! Kwingineko Kenya kesi huwa kinyume chake.

Cha ajabu ni kwamba hirola walikuwa tayari na hifadhi yao hapo hapo. Arawale, yenye kilomita za mraba 533, ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili yao. Ilikuwa hifadhi ya kitaifa, si mbuga ya kitaifa, na tofauti hiyo ni kubwa. Mbuga iko mikononi mwa serikali kuu na mifugo haitakiwi humo. Hifadhi ilikaa juu ya ardhi ya amana, iliyoshikwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji, na wafugaji waliweza kukubaliwa kulisha kwa masharti. Masai Mara nayo ni hifadhi ya namna hiyo, lakini baraza la Narok lilikuwa na watalii wa kulipa kiingilio. Garissa ilitoka kwenye vita vya shifta (waasi waliotaka kujitenga) vya 1963 hadi 1967 ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, zilizofutwa mwaka 1991 tu. Mtalii gani angekwenda huko? Bila kiingilio hakuna mshahara wa askari wa wanyamapori, na Arawale ikabaki zaidi kwenye ramani.

Hifadhi ya kitaifa ya msitu wa Boni, iliyotangazwa mwaka 1976, ilipata mkosi mwingine. Waaweer, wawindaji na warina asali wa msitu huo, walipigwa marufuku kuwinda mwaka 1977, kama Wakenya wote. Tangu Septemba 2015, operesheni ya Linda Boni dhidi ya al-Shabaab ndiyo iliyoamua nani aingie msituni, na hapo sheria ya wanyamapori haikuwa na la kusema.

Jamii za Ijara zilishika njia yao. Kando ya Mto Tana zilianzisha Ishaqbini, hifadhi ya jamii, na mwaka 2012 hirola 48 wakatiwa ndani ya ua wa kuwazuia wanyama wala nyama. Walizaliana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ndiyo iliyokuja kuzitambua rasmi hifadhi za aina hiyo, baada ya Ishaqbini kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaja kuchukua nafasi ya ile ya ardhi ya amana. Jamii ikisajili ardhi yake, inaishika yenyewe. Isiposajili, serikali ya kaunti inaendelea kuishika kwa niaba yake.