Mashine ya Kahawa Iitikayo Sauti: Historia Yake na Funzo Lake kwa Istilahi

Hivi karibuni tuliletewa na mfasiri mmoja maelezo ya matumizi ya mashine ya kahawa ya nyumbani. Mashine hiyo si lazima iwashwe kwa kidole. Mwenye nyumba akiwa kitandani aweza kuiwasha kwa kutamka tu, maana imeunganishwa na kile kifaa ambacho watengenezaji hukiita "msaidizi wa sauti". Mfasiri alikuwa amekwisha kuifasiri kazi yote, isipokuwa mambo matatu yaliyomtatiza: jina la kifaa hicho, jina la neno ambalo hutamkwa kwanza ili kifaa kiitike, na tendo lenyewe ambalo kifaa huamriwa kulitenda. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kila neno tulilolishika lilitutaka kwanza tujue kitu chenyewe kilianzaje na hufanyaje kazi. Makala haya ni matokeo ya uchunguzi huo, nayo twayatoa kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ili yajadiliwe.

Kuagiza kahawa kwa sauti si jambo geni kwetu. Katika miji ya pwani muuza kahawa hupita na dele lake juu ya jiko la makaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane yuko wapi. Mtu aliyeketi barazani humwita, naye huitika. Huambiwa "nitilie", naye hutia. Mwitaji amjua mwitikaji, na ajua kwamba asipomwita, muuza kahawa amekwenda zake wala hasikii tena mazungumzo ya barazani. Tunaomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwani tutairejea.

Swichi moja tu

Mashine ya umeme ya kuchuja kahawa, ambayo hupasha maji moto na kuyadondosha juu ya kahawa iliyosagwa, ilipata hataza nchini Ujerumani mwaka 1954. Mbunifu wake alikuwa Gottlob Widmann, na mashine iliitwa Wigomat. Huko Marekani mashine za namna hiyo zilienea majumbani baada ya mwaka 1972, ilipotoka ile iliyoitwa Mr. Coffee. Kwa lugha ya fundi, mashine hizi ni kitu chepesi sana: chombo cha maji, waya wa joto, kichujio, birika la kioo na swichi moja. Mtu hutia maji, hutia kahawa, huwasha. Kazi ya mashine huanzia hapo.

Wazo la kuitenga swichi na mashine yenyewe halikukawia. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni utaratibu ulioitwa X10, ambao hupeleka ishara kwa kupitia nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Mwaka 1978 vifaa vyake vilianza kuuzwa Marekani. Tangu hapo mtu aliweza kukaa chumba kimoja na kuwasha taa au mashine iliyo chumba kingine. Tuangalie vema kilichobadilika: swichi ilisogea, lakini mashine ilibaki vilevile. Haikupata akili yoyote. Jambo hili litatufaa tutakapofika kwenye istilahi.

Birika la Cambridge

Hatua iliyofuata ilitokana na uvivu wa kawaida wa binadamu. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti wapatao 15 walishirikiana birika moja la kahawa lililokuwa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Baadhi yao walifanya kazi katika orofa nyingine. Walishuka na kupanda ngazi, na mara nyingi walikuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika hilo na kutunga programu waliyoiita XCoffee. Programu hiyo ilionyesha katika kompyuta ya kila mtafiti picha ndogo ya nukta 128 kwa 128, isiyo na rangi, iliyobadilishwa kiasi cha mara tatu kwa dakika. Kwa birika lijaalo polepole, hiyo ilitosha.

Mwezi Novemba 1993 Daniel Gordon na Martyn Johnson waliiunganisha picha hiyo na mtandao wa dunia. Watu wa nchi za mbali, wasio na haja yoyote na kahawa ya Cambridge, wakawa wanalitazama birika hilo. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001. Mashine ya mwisho kutazamwa ilinunuliwa mnadani na Spiegel Online, gazeti la mtandaoni la Ujerumani, kwa pauni 3,350, na baadaye ikapelekwa katika makumbusho ya Heinz Nixdorf mjini Paderborn.

Hapa tena ni vema tuangalie. Kamera ile iliwapa watu jicho; haikuwapa mkono. Waliona kwamba birika ni tupu, lakini ilibidi mmoja wao ainuke akalijaze.

Buli lililokataa

Tarehe 1 Aprili 1998, Sikukuu ya Wajinga, mtaalamu wa kompyuta Larry Masinter alitoa waraka namba 2324 katika mfululizo wa nyaraka zinazoweka kanuni za intaneti. Kwa sura ya ukali wote wa kitaalamu, waraka uliweka kanuni za kuliongoza birika la kahawa kwa njia ya mtandao: jinsi ya kuliamuru lianze, jinsi ya kuuliza hali yake, hata jinsi ya kutaja maziwa. Ulikuwa mzaha, ijapokuwa mwandishi alikuwa na neno la kweli la kuwaambia wenzake waliokuwa wakizinyumbua kanuni za mtandao pasipo utaratibu.

Sehemu iliyovuma zaidi ni jibu namba 418. Waraka wasema kwamba chombo cha chai kikiamriwa kutengeneza kahawa, kijibu: mimi ni buli. Mwingereza hulicheka jibu hilo kwa kuwa ni la kipuuzi. Mswahili wa pwani atalicheka kwa sababu nyingine: ni sahihi. Kwetu buli ni la chai. Kahawa ina mdila wake au dele lake. Aliyezoea kuvitofautisha vyombo kwa majina haoni ajabu chombo kikikataa kazi isiyo yake. Mwaka 2014, tarehe ileile ya Aprili, ulitoka waraka mwingine wa mzaha, namba 7168, ulioongeza kanuni za chai.

Kwa hiyo kabla ya karne iliyopita kwisha, amri ya mbali kwa birika la kahawa ilikuwa imekwisha kuandikwa, japo kwa kuchekesha. Kilichokosekana ni sikio.

Sikio

Sikio la mashine lilikua taratibu. Mwaka 1952 maabara za Bell huko Marekani zilitengeneza chombo kilichoitwa Audrey, kilichoweza kutambua tarakimu kumi, tangu sifuri hadi tisa, zikitamkwa na mtu ambaye kimezoea sauti yake. Katika maonyesho ya dunia ya Seattle ya mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha chombo kiitwacho Shoebox, kilichojua maneno 16. Mwaka 1976 programu ya Harpy, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilifikia maneno 1,011. Safari ya kutoka maneno 10 hadi 1,011 ilichukua miaka 24.

Kisha zilikuja kompyuta zenye nguvu zaidi na mtandao wa kasi. Siri ilitokea ndani ya simu ya Apple mwezi Oktoba 2011, ikijua Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mwezi Novemba 2014 Amazon ilitoa Echo, chombo cha kuwekwa mezani, ambacho kilijua Kiingereza peke yake. Google ilitoa chake mwaka 2016. Ndipo mashine ya kahawa na sikio vilipokutana. Baadhi ya mashine zilitengenezwa zikiwa na uwezo wa kuunganishwa na mtandao. Nyingine, zile za kale zenye swichi ya kubonyeza, huchomekwa kwenye plagi maalumu ambayo huwashwa na kuzimwa kwa amri.

Kiswahili hakikuwa katika safu ya kwanza. Google ilikitia katika uandishi wa kuimla mwaka 2017. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulianza kukusanya sauti za Waswahili zilizotolewa kwa hiari ili watafiti wazitumie. Mashine haijifunzi lugha kwa heshima ya wingi wa wasemaji wake, bali kwa sauti na maandishi iliyopewa. Maandishi hayo ni pamoja na yale tunayoyatoa sisi, na istilahi mbovu zilizomo hujifunzwa pamoja na nzuri.

Safari ya amri

Hebu tufuate amri moja. Mtu yumo jikoni. Mashine ya kahawa iko hatua mbili mbele yake. Anatamka jina la kifaa, kisha anasema anachotaka. Ndani ya kifaa mna maikrofoni kadhaa na programu ndogo ambayo muda wote hupima kila sauti ili ijue kama jina limetajwa. Likitajwa, maneno yanayofuata kwa kawaida hupelekwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, pengine ng'ambo ya bahari. Huko sauti hugeuzwa maandishi, maandishi hufasiriwa kuwa amri, amri hupelekwa kwa kompyuta za mtengenezaji wa mashine au plagi, nazo huirudisha jikoni kulekule ilikotoka. Swichi hufunga njia ya umeme, na maji huanza kupata moto.

Sasa twaweza kuyarejea yale mambo matatu ya mfasiri wetu.

La kwanza ni jina la kifaa. "Msaidizi wa sauti" lina kasoro ya maana, kwa kuwa msaidizi wa mwalimu humsaidia mwalimu. Je, huyu huisaidia sauti? Tena ngeli ya watu hukifanya chombo kiwe kama mja wa nyumbani. Wengine wamejaribu "kipaza sauti", na hapo kosa ni kubwa zaidi. Neno hilo katika matumizi yetu hutaja kile kinachopokea sauti na kile kinachoitoa pia. Mnunuzi akisoma "kipaza sauti" hufikiri amenunua mdomo, kumbe amenunua na sikio.

La pili ni lile neno la kwanza kutamkwa. Watengenezaji hulipa jina ambalo kwa Kiswahili ni "neno la kuamsha", na wafasiri wengi wamelifuata. Lakini aamshwaye alikuwa amelala, na aliyelala hasikii. Kifaa hiki hakilali. Kingelala, kingelisikiaje jina lake? Hili si suala la ufasaha tu. Mwaka 2019 ilifahamika kwamba kampuni kubwa za vifaa hivi zilikuwa na watu waliosikiliza baadhi ya sauti zilizonaswa, zikiwamo zilizonaswa kwa bahati mbaya, kifaa kilipodhani kimeitwa. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitoza Amazon faini ya dola milioni 25 kwa sababu ya kuhifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria. Nchini Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Sheria hizo husimama juu ya ridhaa ya mwananchi. Mtu aliyeambiwa kwamba kifaa kimelala ameridhia nini? Muuza kahawa wa barazani asipoitwa huenda zake. Huyu hubaki, ametega sikio.

La tatu ni tendo. Maelezo yalimwagiza mtumiaji aseme "tengeneza kahawa". Tumekwisha kuona kwamba kifaa hakitii maji wala hakitii kahawa. Huwasha tu, kama ilivyowasha swichi ya mwaka 1954. Ikiwa maji hayamo, huwasha hivyohivyo. Na ikiwa mashine ni ya vitufe vya kielektroniki, plagi ikiwashwa mashine hupata umeme na kungoja kubonyezwa, kahawa haitoki. Mfasiri akiandika "tengeneza" amelifasiri tangazo la biashara. Akiandika "washa" ameifasiri mashine.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

1. Kifaa kiitwe "kipokea amri kwa sauti", kwa mfano wa kinasa sauti na kipima joto. Penye nafasi ndogo, "kipokea amri" chatosha.
2. Neno la kwanza liitwe "neno la mwito". Mwito humdai mwenye kusikia.
3. Hali ya kifaa kabla ya kuitwa iitwe "kutega sikio", wala si "kulala".
4. Amri iandikwe "washa mashine ya kahawa", na mbele yake mtumiaji akumbushwe kutia maji na kahawa.

Tunajua kwamba neno likikwisha kuota mizizi si rahisi kuling'oa. Kompyuta imekuwa kompyuta upande mmoja wa mpaka na tarakilishi upande wa pili, na mwanafunzi anayevuka hujifunza yote mawili. Basi tuwahi kabla maelezo ya vifaa hivi hayajazagaa. Mfasiri wetu amekwisha kulirekebisha tafsiri lake: pale palipokuwa na "kifaa kikiwa kimelala" ameandika "kifaa kikiwa kimetega sikio". Atuarifu kwamba mteja wake, baada ya kuusoma mstari huo, alikitoa kifaa chumbani mwa watoto akakipeleka jikoni.