Upole wa Duma na Historia ya Uluguru

Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe. Wako wauonao usemi huu kuwa ni mafundisho ya woga. Sisi twaona ndani yake hekima, nayo tutaitazama kwanza kwa mnyama wa nyanda zetu, kisha kwa historia ya watu wa milima ya Uluguru.

Duma, ambaye wengi humchanganya na chui, hutambulikana kwa michirizi miwili myeusi ishukayo kutoka machoni hadi kinywani. Hangurumi kama simba. Akiridhika hukoroma kwa sauti ya chini mfano wa paka. Kwa mbio hapana mnyama wa nchi kavu amshindaye. Lakini fisi wakimjia juu ya windo lake, aghalabu huwaachia akaenda zake. Mwili wake mwembamba umeumbwa kwa kukimbia. Akivunjika mguu hawezi kuwinda tena, na watoto wake watakufa njaa. Huacha nyama ili aokoe miguu. Walakini fisi huyo huyo akiwanyemelea watoto, mama duma huweza kumgeukia na kumkabili.

Sasa tutazame milima. Katika karne ya 19, chini ya Uluguru, palipo mji wa Morogoro leo, Kisabengo alijenga mji wenye ngome. Binti yake Simbamwene alimrithi, na mji ukajulikana kwa jina hilo lenye kumtaja simba. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta umezungukwa na kuta za mawe. Zilikuwa nyakati za vita na biashara ya watumwa. Mababu wengi wa Waluguru waliliacha bonde wakapanda juu, hata jina lao likawa na maana ya watu wa milimani. Huko walifyeka misitu na kulima miteremko, ardhi ikirithiwa katika koo kwa upande wa mama. Mafuriko ya mwaka 1872 yalibomoa kuta za Simbamwene. Koo za milimani zingali zipo.

Lakini mpole si mtumwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima waliona udongo wao mzuri ukifukiwa. Safari hii hapakuwa na mlima mwingine wa kukimbilia. Mwaka 1955 walikataa. Polisi walifyatua risasi, mtu akapoteza maisha, na hatimaye mpango ule ukaachwa.

Hatuna budi, basi, kupambanua. Windo hupatikana tena kesho; mtoto na ardhi havina badala. Kijana akitukanwa njiani akanyamaza, tusimwite mwoga kabla hatujajua ni kitu gani anachokilinda.