Z for Zachariah

Z for Zachariah ni riwaya ya vijana ya Mmarekani Robert C. O'Brien, iliyochapishwa mwaka 1974 baada ya kifo chake. Mkewe na binti yake ndio waliokamilisha mswada. Baada ya vita vya nyuklia, Ann Burden, msichana aliyebaki peke yake bondeni, analima, anakamua ng'ombe na kuvua samaki. Kwa hiyo hatari yake kuu si njaa, bali ni Loomis, mgeni aliyeuguzwa na Ann, ambaye akipona anachukua ufunguo wa trekta na kulifunga duka kwa kufuli ili amtawale. Wapo wanaodai hadithi za namna hii huwatia vijana hofu bure. Lakini Ann anakataa kutawaliwa, anaondoka kutafuta watu wengine, na kuthibitisha kwamba kunusurika bila utu hakutoshi.