Nyutrino ya Boksburg na vijana wa Wenela

Februari 23, 2025 ilitimia miaka 60 tangu nyutrino ya asili inaswe kwa mara ya kwanza duniani. Haikunaswa Ulaya wala Marekani. Ilinaswa Afrika, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand Proprietary, Boksburg, jirani na Johannesburg.

Zipo koo Rungwe na Mbeya zenye babu aliyewahi kushuka mashimo ya huko. Wengi walianzia kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, miaka ya 1930. Kisha likaja Wenela, shirika lililoiandikishia migodi ya Witwatersrand vibarua wa mkataba, nao wakachukuliwa kwenda kusini. Tanganyika ilipojitawala, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliufunga mlango huo kwa kuukataa ubaguzi wa Makaburu.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji, nyepesi mno, ipenyayo Dunia nzima karibu kila mara bila kugusa kitu. Frederick Reines na Clyde Cowan walizinasa za kinu cha nyuklia mwaka 1956. Za asili, zinazozaliwa pale miale ya kutoka anga za mbali inapoigonga hewa yetu, zilihitaji mahali ambapo mwamba umezuia karibu kila chembe nyingine. Mahali hapo palikuwa pameshachimbwa tayari, katika mwamba wa joto kali, kwa mikono ya Waafrika.

Reines, akiwa Cleveland, Marekani, alishirikiana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Walipanga ndani ya handaki matangi ya mafuta yanayometa chembe ikipita, na vifaa vya kuhesabu kila mmeto. Lakini hawakuwa peke yao. Katika mgodi wa Kolar, kusini mwa India, Wahindi wa Taasisi ya Tata pamoja na wenzao wa Osaka na Durham waliisaka chembe ileile. Boksburg waliiona Februari. Kolar wakaiona baadaye, lakini wakawahi kuandika. Makala yao ilipokelewa na jarida Julai 12, 1965 na kutoka Agosti 15. Ya Reines ilipokelewa Julai 26, ikatoka Agosti 30.

Nani basi wa kwanza? Ukihesabu siku ya kunasa, ni Boksburg. Ukihesabu siku ya kuchapisha, ni Kolar. Wasomi wamezipima hizo wiki mbili kwa makini. Waliochimba shimo hawamo hata kwenye ubishi wenyewe: waandishi wa makala ya Boksburg ni wanasayansi peke yao.

Miaka hiyohiyo, Iringa ilitoa mfano tofauti. Mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa ameona, tangu akiwa Shule ya Magamba mwaka 1963, kwamba maziwa ya aiskrimu yaliyoingizwa kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alipomuuliza jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam aliyeitembelea Shule ya Mkwawa, wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulipima. Makala yao ilipotoka mwaka 1969, jina la Mpemba lilitangulia la mhadhiri. Hivyo ndivyo heshima ya kazi inavyogawanywa.

Tukirudi kwenye nyutrino, siku hizi uchunguzi wake umehamia pia kwenye fuwele na baridi kali. Chini ya mlima Gran Sasso, Italia, mtambo wa CUORE una fuwele 988 zilizopozwa hadi kama sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho kabisa, ile ya nyuzi 273 chini ya sifuri. Mrithi wake, CUPID, amekusudiwa kutumia fuwele zenye lithi na molibdeni, ambazo chembe ikizigusa hupata joto kidogo na papo hapo humeta. Joto na mwanga vikilinganishwa, chembe za alfa zinazopotosha vipimo hutambulika. Swali la watafiti wa mitambo hiyo ni kama nyutrino na chembe iliyo kinyume chake ni kitu kimoja.

Ikiwa sandukuni kwenu kuna mkataba wa Wenela, kitambulisho au picha ya babu akiwa na kofia ya mgodini, msiichome na takataka. Ipelekeni Nyaraka za Taifa, au chuo kilichorithi majengo ya Mkwawa pale Iringa, jina lake liandikwe.